Gari la miaka 17 lenye risiti, au la miaka 14 linalong'aa?

*"Nimeweka akiba kwa miaka mitatu na sasa nataka kununua gari langu la kwanza. Nitakuwa naendesha kama kilomita 40 kwa siku, kwenda kazini na kurudi. Nimepata mawili. La kwanza ni dogo, gia za mkono, lina miaka 17 na limetembea kilomita 210,000. Rangi imepauka na mlango mmoja umebonyea, lakini mwenyewe amekaa nalo miaka tisa na ana risiti za matengenezo. La pili ni saluni kubwa ya kifahari, otomatiki, miaka 14, kilomita 95,000, viti vya ngozi, injini inang'aa. AC haipozi ila muuzaji anasema ni gesi tu. Bei zinakaribiana, na lolote nitakalochukua litamaliza akiba yangu yote. Marafiki wananiambia injini ikipita kilomita 200,000 imekwisha. Muuzaji wa la pili ananihimiza nilipe haraka, eti kuna mteja mwingine. Nichukue lipi?"*

Ndugu yangu, kwa hayo uliyoyaeleza mimi ningelifuata lile dogo lililopauka, na hata hilo nisingelitolea hela kabla fundi hajaingia chini yake. Lile la pili ningelipita. Lakini naona kinachokunyima usingizi ni kingine: umejibana miaka mitatu, na unaogopa kwamba baada ya miezi michache akiba hiyo itakuwa chuma kilichoegeshwa nje ya nyumba. Hofu yako ina msingi, ila msingi wake si zile kilomita 210,000. Uko kwenye maneno uliyoyapita harakaharaka: "litamaliza akiba yangu yote."

Bei ya gari kuukuu ni malipo ya kwanza tu. Gari la umri huo, hata likiwa zuri, huja na madeni yake: tairi zilizobakiza msimu mmoja, betri inayosuasua, pedi za breki, bushi za miguu ya mbele, pengine mkanda wa taimingi. Ninachowaambia watu ni kugawa akiba mafungu manne. Matatu ni ya bei ya gari pamoja na bima, ada na uhamisho wa umiliki. La nne haliguswi hadi gari liwe limeshaingia gereji kwa mara ya kwanza. Kama gari halina kumbukumbu yoyote ya matengenezo, fungu hilo lifike theluthi ya akiba nzima. Kwa hesabu hiyo, magari yako yote mawili ni ghali kwako kwa bei wanazotaka sasa. Ama upunguziwe, ama utafute la chini zaidi.

Hapa watu hunibishia: la bei ya chini zaidi si ndilo bovu zaidi? Si lazima. Bei ya mtumba hufuata kinachopendeza macho, yaani rangi, jina, gia otomatiki, ngozi ya viti. Mlango uliobonyea unashusha bei vizuri sana na hautakusimamisha barabarani hata siku moja. Mtu mwenye bajeti finyu anapaswa kuwapenda wale wanaokimbia magari yenye sura mbaya, maana wanamwachia nafasi.

Sasa hizo kilomita 200,000. Ndani ya injini hakuna kitu kinachohesabu kilomita. Kinachoila injini ni msuguano, joto na uchafu. Krenki na pistoni hutembea juu ya utando mwembamba wa oili, na utando huo ukiwepo na ukiwa safi, chuma karibu hakigusani na chuma. Uchakavu mwingi hutokea unapopiga stata injini ikiwa baridi, oili ikiwa imeshuka yote chini, na pia pale oili inapokaa muda mrefu bila kubadilishwa hadi ikapoteza nguvu. Gari linalotembea mwendo mrefu kidogo kila siku hupata joto la kutosha kukausha unyevu na petroli iliyovujia ndani ya oili. La safari za dakika tano halifiki hapo. Maji na petroli hubaki, oili inageuka tope jeusi, na tope linaziba vijia ambavyo oili ilitakiwa kupita. Ndiyo maana utakuta injini ya kilomita 210,000 ina afya kuliko ya 95,000. Unaponunua gari la umri huu unanunua tabia za aliyekuwa nalo kabla yako. Risiti za miaka tisa ni ushahidi wa tabia hizo, na kwangu zina uzito kuliko namba yoyote iliyo kwenye dashibodi.

Gawanya uone. Kilomita 210,000 kwa miaka 17 ni kama 12,000 kwa mwaka, matumizi ya kawaida kabisa. Kilomita 95,000 kwa miaka 14 hazifiki 7,000 kwa mwaka. Inawezekana ni kweli, lakini basi gari hilo limeishi kwa safari fupifupi au kwa kuegeshwa, huku mpira wa sili, mabomba ya maji na tairi vikizeeka vilevile. Mpira hauangalii odomita. Unakauka kwa miaka. Na inawezekana si kweli. Odomita ya kidijitali hurudishwa nyuma kwa kompyuta ndogo bila hata kufungua dashibodi. Angalia vitu ambavyo hakuna anayekumbuka kuvidanganya: mpira wa pedali ya breki, upande wa kiti cha dereva anapopitisha paja akiingia, usukani pale mkono unaposhika, kitufe cha kioo cha dereva. Pedali iliyolika hadi pembe zake zimekuwa duara na kiti kilichopasuka ubavu haviendani na kilomita 95,000. Au ukute mpira wa pedali ni mpya kabisa huku kila kitu kingine ndani ni cha zamani. Hapo uliza kwa nini.

Kuna sababu nyingine ya kuliogopa gari la kifahari lililoshuka bei. Bei ya gari hushuka kwa umri, bei ya spea zake haishuki. Gari lililokuwa ghali sana likiwa jipya litaendelea kudai spea za gari ghali, na mafundi wanaolijua ni wachache. Kwenye ukubwa huo pia kuna mifumo ambayo gari dogo halina: shokapu za hewa, moduli za kompyuta kila kona, pampu na mota za kila kitu. Mmiliki wa kwanza alilipa gharama hizo akiwa na uwezo. Wa mwisho huliuza pale zinapomshinda, na mnunuzi huwa ni mtu wa bajeti yako.

Hilo la "AC ni gesi tu" nalisikia sana. Mfumo wa AC umefungwa. Gesi inazunguka humo, haichomwi wala hailiwi. Ikipungua hadi AC haipozi, kuna mahali inapovuja. Huenda ni kijipete cha mpira cha bei ndogo, huenda ni kompresa, na huenda ni kipoza kilichojificha nyuma ya dashibodi, ambacho kukifikia ni kazi ya siku nzima. Kama kweli dawa yake ingekuwa kujaza gesi, muuzaji angejaza, kwa sababu ingemwongezea bei kuliko gharama yake. Na injini iliyooshwa ikang'aa hainifurahishi. Naipenda yenye vumbi kavu lililosambaa sawasawa, kwa kuwa hapo oili inapovuja utaiona imenasa vumbi na kuacha doa jeusi lenye unyevu. Ya kuoshwa unalazimika kuiendesha nusu saa, kuizima, kisha kumulika chini kwa tochi.

Huyo mteja mwingine anayesubiri, mwache alinunue. Ukiona unasukumwa ulipe kabla ya kukagua, tayari umeshapewa taarifa moja kuhusu gari.

Turudi kwa lile dogo. Mwambie mwenyewe utakuja asubuhi na asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, salimiana naye, kisha weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, ameliwasha, na huenda ana sababu ya kutotaka ulione likiamka. Panga siku nyingine. Likiwa baridi, fungua kifuniko cha kumiminia oili ukigeuze. Utelezi wa kahawia au mweusi ni sawa. Oili nyeusi pekee isikutishe, maana kazi yake ni kubeba uchafu. Ute mzito wa rangi ya maziwa ndio unaotia shaka, kwa sababu unaonyesha maji yamechanganyika na oili, na mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya kichwa cha injini na mwili wake) iliyokufa baada ya gari kuchemsha. Kwa haki niseme kwamba gari la safari fupi kwenye baridi linaweza kuwa na ute kidogo kwenye kifuniko bila ubaya wowote. Kwa hiyo chomoa na kijiti cha kupimia oili, kisha fungua tangi la maji la rejeta, tena likiwa baridi tu. Oili inayoelea juu ya maji, au maji yaliyogeuka kutu, yakija pamoja na ule ute, hakuna tena cha kujadili.

Sasa mwenyewe apige stata, wewe simama nyuma. Mvuke mweupe unaopotea baada ya dakika chache ni maji tu. Moshi mweupe usiokoma, wenye harufu tamutamu, ni kulanti (maji ya kupoozea injini) inayoungua. Wa bluu ni oili, yaani injini inakula oili kupitia ringi za pistoni au sili za valvu. Mweusi ni petroli nyingi kupita hewa, na mara nyingi hilo hurekebishika kwa gharama ya kawaida. Baada ya hapo azime, afungue swichi bila kuwasha injini, na utazame dashibodi. Taa ya injini, ya mifuko ya hewa, ya breki na ya oili zote zinapaswa kuwaka kwanza. Taa ya injini isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayowaka, kwa sababu huenda mtu ameizima makusudi.

Barabarani zima redio. Klachi ijaribu hivi: ukiwa mwendo mdogo, weka gia ya nne ukanyage mafuta. Mlio wa injini ukipanda na gari lisiongeze mwendo, klachi inateleza. Kata usukani hadi mwisho na uzunguke polepole kila upande. Mlio wa tak-tak-tak ni jointi za ekseli. Mngurumo unaoongezeka na mwendo na kubadilika unapokata kona huwa beringi ya gurudumu. Kanyaga breki kwa nguvu mahali salama uone kama gari linavuta upande. Haya yote yanatengenezeka. Kazi yake ni kukusaidia kushusha bei. (Ukija kutazama otomatiki siku nyingine, shika breki, toa P uweke R, na uhesabu. Likichelewa zaidi ya sekunde mbili kushika, au likishika kwa kishindo, achana nalo. Giaboksi ya otomatiki iliyoanza kuteleza kwa kawaida haiponi kwa kubadilishiwa oili.)

Kwa gari la miaka 17 swali kubwa kuliko yote ni mkanda wa taimingi, na hapa ndipo zile risiti zinapopata kazi. Baadhi ya injini hutumia cheni, ambayo hudumu sana oili ikibadilishwa kwa wakati. Zinazotumia mkanda wa mpira zinataka ubadilishwe, kwa nyingi kila baada ya kilomita 100,000 hivi au kila baada ya miaka kadhaa, kipi kitangulie. Kitabu cha gari kinataja kiasi kamili. Mkanda ndio unaofanya valvu zifunguke na kufunga kwa zamu na pistoni. Ukikatika, kwenye injini nyingi pistoni hupanda na kuzigonga valvu zilizobaki wazi, na ndani ya sekunde hiyo injini imeharibika vibaya. Mkanda hautoi onyo la kutegemewa. Tafuta risiti inayotaja mkanda, tarehe na kilomita. Kwa kilomita 210,000 unategemea kukuta umebadilishwa mara mbili. Kauli ya "nilibadilisha juzijuzi" bila karatasi ihesabu kama haujabadilishwa, na gharama yake iondoe kwenye bei. Mwambie fundi abadilishe na pampu ya maji siku hiyohiyo ikiwa inazungushwa na mkanda huo.

Kitu kimoja kinaweza kulifanya hata gari hili nisilitake: kutu ya chini. Ya kwenye mlango ni sura tu. Ya kwenye kingo za chini ya milango, sakafu, na pale shokapu na miguu inapofungwa kwenye bodi inakula uti wa mgongo wa gari. Bonyeza kwa kidole gumba, pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa laini. Isiponasa mahali panapopaswa kuwa na chuma, pamejazwa puti. Kuchomelea huko ni ghali, na mara nyingi kutu hurudi.

Karatasi hukaguliwa haraka lakini hazina mjadala. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma ifanane na ya kwenye hati, herufi kwa herufi. Magari mengi yana namba yenye herufi na tarakimu 17. Yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huwa na fupi zaidi. Anayeuza awe ndiye mwenye jina kwenye hati, na uhakikishe kwa mamlaka ya usajili kwamba gari halidaiwi mkopo wala halijaripotiwa kuibwa. Ukiwa na namba hiyo, uliza pia kuhusu mifuko ya hewa ya Takata, kampuni ya Japani iliyoitengeneza. Watengenezaji wengi waliyaita tena mamilioni ya magari, hasa ya miaka ya 2000 hadi katikati ya miaka ya 2010, kwa sababu kilipushi cha mifuko hiyo huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi na kinaweza kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Tovuti ya mtengenezaji au wakala wake ataangalia kwa namba ya chesisi, na marekebisho ni bure. Tairi nazo zina umri wake ubavuni: tarakimu nne za mwisho wa msimbo unaoanza na herufi DOT, kwa mfano 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zilizopita miaka 10 ni za kutupa hata kama kashata zake bado ni nene.

Yote hayo unayaweza peke yako, na yatakuokoa na magari mengi mabovu bila kutumia senti. Lakini likivuka hapo, lipa fundi. Awe wako, asiwe rafiki wa muuzaji wala aliyependekezwa na dalali, na umlipe kwa kazi ya kukagua iwe gari linanunuliwa au la, ili asiwe na sababu ya kukufurahisha. Alinyanyue, apime kompresheni (mgandamizo wa hewa) ya kila silinda, na matokeo yasipishane zaidi ya asilimia 10 hadi 15. Aunganishe skana pia. Magari yaliyouzwa Marekani tangu 1996, na ya petroli yaliyouzwa Umoja wa Ulaya tangu 2001, yana soketi ya OBD2, yaani pale skana inapochomekwa, na magari mengine mengi yaliifuata. Mwombe asiangalie hitilafu peke yake, aangalie pia kama majaribio ya ndani ya kompyuta yamekamilika. Mtu akifuta hitilafu asubuhi ili taa izime, majaribio hayo husoma "hayajakamilika" hadi gari liendeshwe siku kadhaa. Muuzaji akikataa fundi, rudi nyumbani na hela yako.

Hata ukaguzi mzuri haukupi dhamana. Alternata inaweza kufa wiki ijayo, na hakuna fundi angeiona leo. Kwa hilo kuna lile fungu la nne. Kama mwenye gari dogo hatashuka hadi likubakie, ni afadhali usubiri miezi michache zaidi kuliko kukopa. Mkopo wa gari kuukuu unaweza kuendelea kulipwa wakati gari lenyewe limeshasimama.

Ukilinunua, usilipeleke kazini kwanza. Lipeleke gereji: oili na filta, filta ya hewa, maji ya rejeta, oili ya breki, plagi, na mkanda ikiwa hauna karatasi. Baada ya hapo pima oili na maji kila wiki, asubuhi, gari likiwa mahali tambarare. Oili ikishuka, ongeza na uandike ni kiasi gani kwa kilomita ngapi. Anza kuizoea pia sindano ya joto. Siku utakayoiona imepita mahali pake pa kawaida, simama pembeni na uzime injini hapohapo. Usifungue kifuniko cha rejeta, maji yake yatakuunguza. Acha ipoe, ndipo umwite fundi aje lilipo gari. Usijaribu kulisogeza taratibu hadi nyumbani, kwa sababu ni zile kilomita mbili tatu za mwisho ndizo zinazopinda silinda hedi.